Barua ya wazi: Mwaka wa ukame nao uchorwe kwenye ramani ya kijiji

Kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI. Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya Mazingira. Wakuu wa mikoa na wilaya. Wakurugenzi wa halmashauri.

YAH: KUHAMA KWA MIFUGO WAKATI WA UKAME, HAKI ZA ARDHI YA VIJIJI NA SAUTI YA WANANCHI

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni watu wa kazi hii: wapima na wapangaji wa ardhi ya vijiji, maafisa mifugo na wasaidizi wa kisheria wa vijijini. Ombi letu ni moja. Kila mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaopitishwa katika nchi hii uwe na sura ya mwaka wa ukame, inayosema mifugo ya wageni itapita wapi, itanywa wapi, italala wapi, kwa idhini ya nani na mpaka lini. Mipango tunayoishika mikononi karibu yote imechorwa kana kwamba vuli hufika kila mwaka na masika hayakawii.

Hali ya hewa imekwisha kuukanusha mchoro huo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 majirani zetu wa Kenya, Somalia na Ethiopia walikosa mvua misimu mitano mfululizo. Ukame huo haukuishia mpakani. Mwanzoni mwa 2022, Simanjiro na Longido, mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala pembeni mwa malambo yaliyokauka, na wenye nguvu ya kutembea walikuwa wamekwisha kuswaga makundi kuelekea kusini. Kisha ikaja El Nino. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang likaifunika sehemu ya Katesh, na Aprili 2024 bonde la Rufiji likajaa maji, mashamba na nyumba vikazama Rufiji na Kibiti. Bonde hilo hilo la Rufiji ni moja ya maeneo wanakokimbilia wafugaji wa kaskazini. Mtu anakimbia kiu Manyara anakutana na mafuriko Pwani, na ardhi inayobaki kavu katikati yake ni ya kijiji fulani chenye mipaka, mashamba na wenyewe.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala wa wakulima na wafugaji hugeuka kuwa mjadala wa tabia za makabila.

Ng'ombe wa kilo 250 hula majani makavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kila siku, yaani kilo sita na robo. Kwa mwaka ni takriban tani 2.3. Tuchukue nyanda kavu iliyopata mvua ya kawaida, hekta moja ikatoa kilo 1,800 za majani makavu. Si zote za kuliwa. Ukitaka nyasi irudi mwakani, mpe ng'ombe asilimia 40, iliyobaki iachie mizizi, mchwa na upepo. Ni kilo 720, kwa hiyo ng'ombe mmoja anahitaji hekta 3.2. Mvua ikikatika na hekta ile ile ikatoa kilo 700, za kuliwa ni 280, na ng'ombe yule yule sasa anataka hekta nane na ushei. Kijiji chenye hekta 10,000 za malisho, kilichoandikiwa kwenye mpango uwezo wa kubeba ng'ombe 3,100, mwaka wa ukame kinabeba kama 1,200. Wale 1,900 waliobaki hawakuzaliwa ghafla, wala mwenye mifugo hakuwa mzembe. Nyasi ndiyo iliyoondoka. Ama wahame, ama wauzwe kwa bei ya kutupa mnadani wakati kila mtu anauza, ama wafe.

Mipango yetu huandika namba ya kwanza tu. Namba ya pili haimo, kwa hiyo kuhama nako hakumo. Kijiji kinachopokea nacho kimechorewa mpango wenye mifugo ya wenyeji peke yake. Pande mbili za safari moja, na hakuna hata upande mmoja wenye karatasi inayokiri kwamba safari hiyo ipo.

Kuhama kwenyewe hakuanzi kwa fujo. Hutangulia vijana wawili watatu kukagua: nyasi ni ya aina gani, maji yako umbali gani, mbung'o wapo, kupe ni wengi kiasi gani. Zamani wakirudi na habari njema, wazee walifuata kwenda kuomba kwa wazee wenzao, na wakapangiwa upande wa kukaa. Siku hizi wanamkuta mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji, wanaelewana naye pembeni, na kundi linaingia usiku. Mkulima anaamka asubuhi anakuta kwato shambani. Hajui nani karuhusu, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Mfugaji naye anaamini kwa dhati kwamba amelipia. Watu wawili wenye haki mikononi mwao wanakutana kwenye mahindi yaliyoliwa, na fedha iliyozaa ugomvi imo mfukoni mwa mtu wa tatu. Tangu yale mauaji ya Kilosa ya Desemba 2000, walipokufa watu 38 huko Rudewa Mbuyuni, nchi hii haina udhuru wa kusema haikujua ugomvi huu huweza kufika wapi.

Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji jukumu la kuisimamia ardhi kama mdhamini, na kifungu cha 8(5) kinaikataza kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Haki ya kuishi popote haimpi mtu haki ya kuchunga kwenye malisho ya kijiji kisichomjua. Katikati ya sheria hizo mbili hakuna kibali cha muda kinachofahamika, chenye fomu, ada iliyo wazi, stakabadhi na tarehe ya mwisho. Pengo hilo halikubaki tupu: limejazwa na makubaliano ya usiku na, yakishindikana, operesheni za kuondoa mifugo.

Kuhusu operesheni tuseme kwa ukweli. Mifugo ilipoondolewa Ihefu na bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, haikupungua. Ilihamia Lindi, Kilwa na Rufiji, kwenye vijiji ambavyo vingi havikuwa na josho wala malambo wala mpango wowote wa kuipokea. Njiani na baada ya kufika, ng'ombe walikufa kwa kupe na mbung'o. Tatizo lilibebwa kutoka bonde moja likatuliwa jingine.

Sheria ya kutenda vizuri zaidi tunayo. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaruhusu vijiji viwili au zaidi kufanya makubaliano ya matumizi ya pamoja. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikaa meza moja, vikatenga malisho ya pamoja ya zaidi ya hekta 20,000, na eneo hilo wakaliita OLENGAPA kwa kuunganisha majina ya vijiji vyote vitatu. Shinyanga, chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986, ngitili za Wasukuma zilirudishiwa heshima yake: nyasi inafungiwa masika, inafunguliwa kiangazi, na jamii yenyewe ndiyo inayotunza ufunguo. Wamaasai nao wana alalili kwa maana hiyo hiyo. Hakuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta elimu ya kuishi na ukame. Kilichokosekana ni daraja kati ya kijiji cha Simanjiro na kijiji cha Handeni au Kilosa, kwa sababu kifungu cha 11 kinatumika kwa majirani wanaosalimiana kila siku, ilhali ukame mkubwa unamsukuma mtu kilomita 200 na zaidi. Hapo vijiji peke yake haviwezi. Panahitajika makubaliano ya halmashauri kwa halmashauri, mkuu wa mkoa akiwa shahidi, yatakayohuishwa kila mwaka kabla ya vuli.

Sasa tuingie ndani ya mpango wenyewe, maana hapo ndipo pengi pameharibika, na wengi wenu mnasaini bila kuonyeshwa.

Mwongozo wa kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji una hatua sita: maandalizi ya wilaya, tathmini shirikishi kijijini, kuchora matumizi yaliyopo, kupanga matumizi yajayo, kuimarisha usimamizi wa ardhi pamoja na kutoa hati za kimila, na mwisho usimamizi wa kudumu. Fedha mara nyingi hukatika baada ya hatua ya nne. Ramani inachapwa, picha inapigwa, gari linaondoka. Lakini kosa la kwanza limefanyika mapema zaidi. Timu za wilaya huenda kijijini kiangazi kwa sababu ndipo barabara zinapitika. Kiangazi ndipo wafugaji nao wako ronjoni, kwenye kambi za muda za malisho, na mifugo. Wanaobaki kuonyesha matumizi ya ardhi ni wenye mashamba na wenye maduka. Tena eneo la malisho ya dharura, ambalo wazee hulifunga makusudi miaka miwili mitatu lipate nyasi ndefu, timu inalikuta limetulia, halina boma wala kwato. Mpima anaandika "ardhi ya akiba". Mwaka unaofuata akiba hiyo inagawiwa kwa kilimo. Hakuna aliyevunja sheria, na kijiji kimekwisha kupoteza bima yake pekee.

Dawa yake ni nyepesi na haina gharama kubwa. Timu iende mara mbili, siku chache masika na siku chache kiangazi, na siku za kiangazi zikaanzie ronjoni na visimani, zikamalizie ofisini. Kwenye kila eneo aulizwe mzee na mama wa boma swali moja: mwaka ule mvua zilipokatika mlikwenda wapi, mkapitia wapi? Jibu lichorwe kwa rangi yake. Chini ya jedwali la matumizi iongezwe safu ya pili ya uwezo wa malisho kwa mwaka wa mvua haba, kwa hesabu kama tuliyoonyesha juu, kwa vipimo vya nyasi ya pale pale. Kupima si kazi ya maabara. Fremu ya mita moja kwa mita moja, mundu, mzani wa kilo tano na siku kadhaa za kuanika majani juani vinatosha, ilimradi ukate sehemu 20 au 30 zilizotawanyika, usikate mahali penye nyasi nzuri tu.

Kuhusu ushirikishwaji, tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa kuwa neno lenyewe limechakaa.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Chukueni mihtasari ya mikutano iliyopitisha mambo ya ardhi, msome ajenda. Mtakuta suala la malisho au la mwekezaji limeingizwa chini ya "mengineyo", saa nane mchana, watu wakiwa wamechoka. Mtakuta karatasi ya mahudhurio, ambayo mtu alisaini asubuhi kuthibitisha kwamba alifika, imeambatishwa kama ushahidi kwamba aliridhia. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtakuta mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, muda ambao wanawake wako majini na wachungaji wako kilomita kumi mbali. Ramani iliyopitishwa imefungiwa kwenye droo ya mtendaji, na mtendaji amesafiri.

Tunataka utaratibu unaoshikika. Ajenda ya ardhi isimame peke yake, itangazwe kwenye vitongoji vyote siku 14 kabla, na pale penye mnada itangazwe mnadani. Vikao vya vitongoji vitangulie, kwa sababu mama asiyesema mbele ya watu 300 atasema mbele ya 20. Ramani itandikwe chini, au mipaka ichorwe kwa majivu uwanjani, mto uwe mto na mlima uwe mlima, watu waitembee. Waliokubali na waliokataa wahesabiwe, idadi ya wanawake iandikwe peke yake, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Karatasi ya uamuzi iwe tofauti na ya mahudhurio. Nakala moja ya ramani ibandikwe nje, chini ya paa, mahali ambapo hakuhitajiki ufunguo.

Halafu kuna wasiohesabiwa kabisa: wahamiaji wa msimu wenyewe. Si wanakijiji, kwa hiyo hawana kura, na hatuombi wapewe. Tunaomba wawe na mahali pa kusema. Kijiji kinachopokea kiunde kamati ndogo ya msimu, wenyeji wakulima na wafugaji kwa idadi sawa, pamoja na wawakilishi wawili wa wageni waliochaguliwa na wageni wenyewe, ikutane kila wiki wakati wote wa kiangazi. Kamati hiyo ijue namba ya kila kundi lililoingia, siku liliyoingia na siku litakayotoka.

Njia za mifugo. Mipango mingi huchora mstari mwembamba uliopita kati ya mashamba, mita 10 au 15. Aliyewahi kuswaga ng'ombe 200 wenye njaa anajua kwamba kundi halitembei kama msafara wa magari. Linatandaa, linavutwa na harufu ya mahindi, na wachungaji wawili hawawezi kulibana pande zote mbili kwa mita 10. Kwa uzoefu wa kazi tunaona mita 60 ndicho kiwango cha chini penye mashamba, na kila kilomita 10 hadi 15, ambao ni mwendo wa siku moja wa mifugo inayokula njiani, pawe na mahali pa kulala penye maji. Njia iwekewe bikoni, yaani nguzo za mpaka, kila panapokata kona na kila inapovuka barabara. Isiyo na bikoni italimwa msimu mmoja tu, nusu ekari kila upande, hadi iishe. Njia isiyo na maji mwisho wake nayo ni mtego, maana inawaleta ng'ombe wenye kiu mpaka ukingoni mwa bustani za mtoni kisha inawaacha hapo.

Malambo nayo yanajengwa kwa moyo mzuri na vipimo vibaya. Ng'ombe mmoja kwenye joto anataka kama lita 30 kwa siku. Ng'ombe 3,000 ni mita za ujazo 90 kila siku, na kwa siku 150 za kiangazi ni mita za ujazo 13,500. Hapo hatujahesabu jua. Kwenye nyanda kavu maji ya wazi hupoteza kama milimita sita kwa siku, kwa hiyo miezi sita huondoka zaidi ya mita moja ya kina bila ng'ombe hata mmoja kunywa. Lambo pana lenye kina cha mita moja na nusu, ambalo siku ya uzinduzi lilipendeza sana, linakuwa limekauka mwezi ule ule ulioombewa lijengwe. Chimbeni lambo jembamba lenye kina kirefu, mita tatu na nusu hadi nne, jengeni mtego wa tope kwenye mlango wa maji, zungushieni uzio, na birika la kunyweshea liwe nje, chini ya tuta, kwa bomba. Ng'ombe akiingia ndani ya lambo kunywa, kwato zake hubomoa kingo na kinyesi chake hurudi kwa watoto wanaochota upande wa pili. Na kabla ya kuchimba, mkutano mkuu uamue ni nani atanywesha mifugo hapo mwaka wa ukame. Lambo jipya lisilo na kanuni huvuta makundi kutoka wilaya tatu na kumaliza malisho yaliyolizunguka.

Makundi yanapohama hukutana na magonjwa ambayo miili yao haiyajui. Ng'ombe wa nyanda za juu asiyezoea kupe wa mabondeni atakufa kwa ndigana kali wiki chache baada ya kufika. Kibali cha kusafirisha mifugo kiendane na josho na chanjo kwenye vituo vya njiani, kisiishie kwenye muhuri na ada.

Mazao yakiliwa, na yataliwa hata penye mpango mzuri, thamani ikadiriwe ndani ya saa 24 na afisa ugani wa kilimo, pande zote mbili zikiwapo. Leo makadirio hufanywa kwa macho na kwa hasira: shamba zima "limeisha". Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ni kama miche 18,000 kwa ekari, na mstari wa mita 10 una miche 33. Chagua mistari kumi iliyotawanyika kwenye sehemu iliyoingiliwa, hesabu iliyosimama na iliyoliwa, upate asilimia. Asilimia hiyo zidisha na eneo lililopimwa kwa hatua au kwa simu, kisha na mavuno ya jirani mwenye shamba la aina hiyo, kisha na bei ya soko la karibu. Umri wa mmea nao uangaliwe. Mahindi yaliyoliwa yakiwa hayajafika gotini, na mvua bado ipo, hulipwa mbegu, palizi na kupanda upya. Yakiliwa yakiwa yametoa mbelewele, ni hasara kamili. Pande zote zisaini karatasi moja, na malipo yapitie kwa kamati kwa stakabadhi. Mkulima anastahili kulipwa alichopoteza chote. Mfugaji naye hastahili kutozwa ng'ombe watano kwa robo ekari.

Yote haya yafanyike kijijini kwa sababu njia ya mashauri ni ndefu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, kwa siku 30, ndipo shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgeni wa ukame atakuwa amekwisha kuhama kabla shauri halijapangiwa tarehe. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu ni wanawake, ndilo lililo karibu. Lipeni mafunzo, nakala za sheria kwa Kiswahili na nauli ya kwenda kuona shamba linalogombewa.

Kuhama kunapomwacha mke bomani na watoto miezi mitano, ardhi inabaki mikononi mwa mtu ambaye jina lake haliko kwenye karatasi. Hapo ndipo mipaka husogezwa. Hati za hakimiliki ya kimila za familia ziandikwe majina ya mume na mke, na wake wote pale walipo zaidi ya mmoja. Malisho ya pamoja yapewe hati ya kikundi, kama Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walivyopata hati yao ya pamoja mwaka 2011, na orodha ya wenye haki iwe na wanawake kama wanachama kamili. Hati ya malisho iandikwe pia wajibu wa kupokea: kikundi kinachomiliki kikubali kwa maandishi kwamba mwaka wa ukame kitapokea idadi fulani ya wageni, kwa ada fulani. Tunajua wapo wafugaji wenzetu wasiopenda sharti hilo. Lakini aliyepokea mwaka huu ndiye atakayeomba mwaka ujao.

Jambo hili lina haraka mpya. Tangu Kanuni za Biashara ya Kaboni za 2022, vijiji vinaletewa mikataba ya miaka 30 na 40 ya kutunza nyasi na udongo ili vishike hewa ya ukaa, kwa malipo. Hatuipingi biashara hiyo kwa jumla, misitu ya Yaeda imeonyesha inaweza kuwafaa wenyeji. Tunachopinga ni mkataba unaofunga ratiba ya malisho kwa miaka 40 bila kifungu cha ukame, uliopitishwa na halmashauri ya kijiji peke yake, kwa lugha ambayo wajumbe hawaisomi. Kijiji kilichosaini hivyo kinaweza kujikuta kinamfukuza jirani mwenye ng'ombe wanaokufa, ili kisivunje mkataba na mtu aliye mbali. Mkataba wowote wa namna hiyo usomwe wote kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, ukae siku 90 kabla ya kusainiwa, na vijiji jirani vinavyotumia malisho hayo viitwe kusema.

Hatuombi sheria mpya. Waraka mmoja wa pamoja wa wizara zenu nne unatosha kuanzia. Uzitake halmashauri ziongeze sura ya ukame kwenye mipango mipya, na kwenye ya zamani inapohuishwa. Uweke fomu moja ya kibali cha malisho cha muda, yenye idadi ya mifugo, alama zake, njia, kituo, tarehe ya kuingia na ya kutoka, ada na namba ya stakabadhi. Useme kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitabiri mvua za chini ya wastani katika wilaya fulani, mkurugenzi ana siku 21 kuwakutanisha wa kutoka na wa kupokea. Na uzuie operesheni yoyote ya kuondoa mifugo mahali ambapo hakujaonyeshwa kwa maandishi mifugo hiyo inapelekwa wapi na nani amekubali kuipokea.

Utabiri wa vuli hutolewa karibu na mwisho wa Agosti, na makundi ya kwanza huanza kushuka mwezi unaofuata. Tunaomba waraka uwe umefika kwa watendaji wa vijiji kabla ya hapo, na fomu ziwe zimechapwa za kutosha.

Wenu katika kazi,

Wapima na wapangaji wa ardhi, maafisa mifugo na wasaidizi wa kisheria wa vijijini